Amotisa za njia mbovu: kuzipima, kuzifungua na kuzijaza upya hapa Goma

Gari likirudi kutoka njia mbovu za Masisi huku nyuma linaruka-ruka, neno linalotangulia garajini ni lilelile: "Mzee, amotisa zimekufa, leta nyingine." Mara nyingi si kweli. Kilichokufa ni bushi (mpira wa kiungio) ya dola chache, au kishikizo cha juu kimepasuka kwenye chasisi, au gesi imeisha lakini chuma bado kizima. Na hata pale ambapo ni kweli, amotisa mpya itakufa kwa ugonjwa uleule kama hakuna aliyeuliza ya kwanza iliuawa na nini.

Tunaandika kwa ajili ya wenye Land Cruiser, Hilux na Prado waliotoa amotisa za kiwandani wakafunga za kununua pembeni: Old Man Emu, Bilstein, Fox, King, Koni, Tough Dog, Ironman na nduguze. Wenzetu wa Kampala na Arusha wanaziita shokapu. Bei yake si ya mchezo, na katika maduka ya piesi (vipuri) zipo za kuiga zenye rangi na karatasi zilezile, kwa hiyo anayejua kuitunza aliyonayo anaokoa fedha nyingi kuliko anayejua pa kununua nyingine kwa bei ya chini.

Tuweke jambo moja sawa kwanza, maana linapoteza watu wengi. Amotisa haibebi gari. Kinachobeba ni springi. Gari lililolala nyuma kwa sababu ya mzigo haliinuki kwa amotisa hata ziwe za bei gani. Linataka majani ya springi, yale mabamba ya chuma yaliyopangwa. Kazi ya amotisa ni kuukamata mruko wa springi na kuugeuza kuwa joto: pistoni inasukuma mafuta kupitia matundu madogo, mafuta yanakataa, na ule ukaidi wake ndio unaolituliza gari. Ndiyo maana ukitaka kujua kama amotisa inafanya kazi, ulizia joto lake.

Kuna familia mbili kubwa. Ya kwanza ni ya mirija miwili: silinda ya ndani yenye pistoni, na ganda la nje lenye akiba ya mafuta na gesi ya shinikizo dogo. Old Man Emu za Nitrocharger ni za ukoo huu. Tough Dog na Ironman wana toleo ambalo ndani ya ganda, badala ya gesi huru, wameweka sponji yenye vitundu vilivyofungwa, ili mafuta yasichanganyike na gesi yakawa povu. Familia ya pili ni ya mrija mmoja, mfumo aliouanzisha Mfaransa Christian Bourcier de Carbon na ambao Bilstein waliuchukua na kuutangaza: silinda moja nene, mafuta upande huu, naitrojeni ya shinikizo kubwa upande ule, na katikati pistoni inayoelea inayotenganisha viwili hivyo. Fox na King ni wa huku, mara nyingi wakiwa na kitangi cha pembeni kilichounganishwa kwa mpira wa shinikizo.

Tofauti hii ina maana kubwa Goma kuliko miji mingi. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Mei 2021 ikashuka tena mpaka Buhene, ikakata barabara ya Rutshuru. Mawe hayo yakipondwa ndiyo yanayotandikwa mitaani, na tairi la mbele huyarusha moja kwa moja kwenye amotisa ya nyuma. Amotisa ya mirija miwili ikipigwa jiwe ikabonyea ganda, kwa kawaida inaendelea na kazi, kwa sababu pistoni iko ndani zaidi. Ya mrija mmoja ikibonyea kidogo tu mahali pistoni inapopita, imekwisha: pistoni inakwama pale, au inakwanguliwa kila inapopita mpaka mafuta yanang'aa unga wa chuma. Dawa ni ya bei ndogo. Kata kipande cha tairi kuukuu au nusu ya bomba la chuma, kifunge upande unaotazama mbele, ukiacha nafasi ya kidole ili hewa ipite na joto litoke.

Kuhusu vumbi, wengi wanadhani vumbi jeusi la lava linakwangua rodi, ile fimbo ya chuma inayoingia na kutoka kwenye amotisa. Kromu ya rodi ni ngumu kuliko vumbi hilo. Kinachotokea ni kwamba chembe zake zenye ncha zinajipachika kwenye mdomo wa kifuta vumbi, ile pete ya nje inayopangusa rodi, kisha kwenye mdomo wa sili, pete inayozuia mafuta yasitoke, na sili inachanika polepole. Kinachoharibu rodi yenyewe ni jiwe linaloibandua kromu kwa pigo, na kutu inayoingia kwenye jeraha hilo. Soksi za mpira zinazofunika rodi tunazishuku: matope ya Sake yakishaingia ndani hayatoki, yanakaa na unyevu wake yakisaga kila siku. Bora rodi wazi inayosuguliwa kwa kitambaa chenye maji. Na ukiosha gari, pampu ya shinikizo usiilenge pale rodi inapoingilia. Unayasukumia machanga ndani kwa mkono wako mwenyewe.

Kabla ya kushika spana

Ile desturi ya kukalia bampa na kuhesabu gari linaruka mara ngapi iache kwa magari madogo. Gari lenye springi za majani linajizuia lenyewe kwa msuguano wa majani, kwa hiyo hata bila amotisa hutaona tofauti kubwa.

Fanya hivi. Endesha dakika 20 kwenye njia mbaya, mwendo wako wa kawaida, usimame, uguse amotisa zote nne kwa nyuma ya mkono, kwa tahadhari kwa sababu zinaweza kuunguza. Ukiwa na kipimajoto cha kuelekeza, vizuri zaidi. Linganisha kushoto na kulia kwenye ekseli moja. Iliyobaki baridi wakati mwenzake ni moto ndiyo isiyofanya kazi. Iliyo moto kupita mwenzake huenda ndiyo inayofanya kazi ya wawili. Usiilaumu.

Kisha tazama mafuta. Ukungu mwembamba kwenye rodi na juu ya ganda ni kawaida, sili lazima ilainishwe. Vumbi lililoganda kwa mafuta mpaka chini kwenye jicho, lile tundu la kufungia bolti, si kawaida. Ukiwa na shaka, futa pakauke, endesha wiki moja, utazame tena. Ukitokea unyevu unaokauka tena siku ya pili, ni maji ya njia au mafuta ya mahali pengine. Breki na difu zina tabia ya kuwasingizia jirani.

Ukiishusha, isimamishe wima. Ya mrija mmoja yenye gesi, rodi inapaswa kutoka yenyewe ukiiachia, na kuiingiza kunataka nguvu. Hesabu yake ni rahisi: shinikizo la gesi mara eneo la rodi. Bilstein ya rodi ya mm 14 yenye shinikizo zaidi ya psi 300 (psi ni kipimo cha shinikizo, paundi kwa inchi ya mraba) inakusukuma kwa zaidi ya kilo 30. Fox au King yenye rodi ya mm 22 na psi 200 inakusukuma kwa karibu kilo 54. Rodi ikibaki ulipoiacha, gesi imeondoka. Ya mirija miwili ipampu mara 4 au 5 kwanza, kwa sababu ikilala hewa inahamia kwenye silinda ya ndani. Hata mpya kutoka kwenye boksi inataka kupampuliwa hivyo kabla ya kufungwa, na anayeruka hatua hii anaidhania mbovu. Baada ya hapo, ukigeuza mwelekeo na ukakuta sentimita moja ya utupu isiyo na upinzani, vali ya chini imechoka au mafuta yamepungua. Rodi ikikwama mahali palepale kila mara, kuna bonyeo au rodi imepinda.

Sasa bushi. Hapa ndipo tunapowabana mafundi wenzetu. Za kichwa cha msumari, zile za juu zenye rondele (washa) mbili na mpira katikati, zinakazwa mpaka mpira uvimbe ufikie ukingo wa rondele, basi. Ukikaza mpaka mpira upasuke, chuma kinabaki kugonga chuma, na baada ya wiki chache msumari unakatika kwenye uzi. Za jicho lenye mpira uliogandishwa kwenye bomba, bolti yake inakazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukiikaza likiwa juu ya jeki, mpira unabaki umesokotwa tangu siku ya kwanza na unachanika bila kosa lake. Zile za mpira mgumu wa rangi zinataka grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida inafaa kwa viungo vya chuma tu, mipira mingi inavimba nayo. Na zile zenye gololi ya chuma bila mpira kabisa, za magari ya mashindano, katika vumbi hili zinalia mapema mno. Kwa gari la kazi, bushi ya mpira.

Kagua pia kishikizo kwenye chasisi. Osha, tazama kwa tochi pembeni mwa weldi. Mstari mwembamba wa kutu unaojichora kwenye rangi ndiyo ufa. Ukilazimika kuchomelea, shusha amotisa kwanza: cheche moja ikitua kwenye kromu imeacha kipele kitakachokata sili. Na amotisa yenye gesi ndani haichomelewi jicho lake kamwe, hata kwa "dakika moja tu, mzee".

Halafu urefu, jambo linaloua amotisa nyingi zilizonunuliwa kwa kuambiwa "inaingia". Gari likiwa chini na mzigo wake wa kawaida, pima nafasi kati ya stopa ya mpira, ile inayozuia ekseli isigonge chasisi, na ekseli. Ongeza nusu ya unene wa stopa, kwa sababu inabanwa. Halafu pima rodi inayoonekana mpaka amotisa ifunge. Rodi lazima izidi jumla ile ya kwanza kwa angalau mm 20. Ikiwa pungufu, kila shimo kubwa amotisa ndiyo inayogeuka stopa, na pistoni inagonga mwisho. Kisha inua chasisi mpaka magurudumu yaning'inie. Kama amotisa imenyooka mpaka mwisho wakati springi bado ina nafasi ya kushuka, basi amotisa ndiyo kamba inayoishika ekseli yote, na kifuniko cha sili kitang'oka. Gari lililoongezwa majani likainuka sm 5 na kubaki na amotisa za urefu wa zamani liko hivyo hivyo.

Ipi inafunguka

Za mirija miwili, ukiacha chache kama baadhi ya Koni, zimefungwa kwa kukunjwa chuma, hazifunguki. Kuna wanaozikata kwa gurudumu, wakajaza mafuta ya gia, wakachomelea tena. Hatushauri. Mafuta ya gia ni mazito, sili imeungua kwa joto la weldi, na silinda ya ndani haikai tena katikati. Zibadilishe mbili za ekseli moja kwa pamoja.

Bilstein 5100 na nyingi za jamii yake zinaweza kufunguliwa na karakana zenye vifaa vyake, lakini kwa mikono ya kawaida na shinikizo lile, hapana. Zinazofunguka mezani kwetu ni zile zenye sekilipu (pete ya springi inayoshika kifuniko) na vali ya gesi inayoonekana: Fox za kitangi, King, na zinazofanana nazo. Ushauri wetu kwa mwenye gari la kubeba watu na mizigo Goma–Sake–Masisi ni huu: mirija miwili minene, za kubadilisha. Za kufunguka nunua tu kama una mahali pa kupata naitrojeni na kifurushi cha sili kwenye kabati. Ukinunua nne bila sili za akiba, utasubiri boksi dogo kutoka Dubai huku gari la dola maelfu limelala.

Kuifungua

Osha nje mpaka maji yanayodondoka ni safi. Piga picha mwelekeo wa kitangi na mpira wake. Pima kwa kalipa ya vernia urefu ikiwa imenyooka, kipenyo cha rodi, na urefu wa rodi kutoka kifuniko hadi jicho.

Toa gesi: vaa miwani, fungua kofia, bonyeza msumari wa vali polepole, uso pembeni. Sikiliza na utazame. Ikitoka hewa kavu, pistoni inayoelea ni nzima. Ikitoka na mafuta, oringi yake, pete ya mpira inayoizunguka, imekwisha, na hapo ndipo gesi yako ilipokuwa ikipotelea, ndani ya mafuta. Usiguse sekilipu yoyote kabla vali haijanyamaza kabisa.

Sukuma kifuniko cha kitangi ndani, toa sekilipu yake, vuta kifuniko. Fanya vivyo hivyo kwenye kifuniko cha sili cha silinda. Kabla ya kuvuta rodi, pitisha kidole ukingoni mwa mfereji wa sekilipu. Mara nyingi bisibisi la aliyetangulia limeacha kijino cha chuma pale, kidogo hata jicho halikioni lakini kidole kinakijua. Kijino hicho ndicho kinachokata oringi mpya wakati wa kurudisha, na ndiyo sababu ya amotisa nyingi "zilizotengenezwa jana na leo zinavuja". Kilainishe kwa msasa namba 600 uliozungushiwa kijiti, kisha futa unga wote.

Mwaga mafuta kwenye beseni jeupe. Meusi yamechoka kwa joto. Yenye mng'aro wa fedha yana chuma; tafuta bonyeo au mkanda wa pistoni ulioisha. Ya rangi ya chai ya maziwa yana maji, na maji yameingilia kwenye kifuta vumbi.

Bana jicho la rodi kwenye jiliwa lenye midomo ya alumini. Rodi yenyewe haibanwi kwa koleo hata siku moja. Fungua nati ya pistoni. Sasa shimu: visahani vyembamba vya chuma cha springi vilivyopangwa pande mbili za pistoni, vikipungua kipenyo. Zile zilizo upande wa rodi zinadhibiti kubanwa. Zilizo upande wa nati zinadhibiti kurudi. Zitungie kwenye waya moja moja kwa mpangilio uleule, pistoni katikati, na ufunge waya. Mpangilio ukipotea, umepoteza amotisa, kwa sababu hakuna wa kukuambia ulivyokuwa.

Pima kila shimu kwa mikromita. Utakutana na mm 0.15, 0.20, 0.25. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ugumu unakua kwa unene mara unene mara unene: shimu moja ya 0.20 ni ngumu mara 2.4 ya ile ya 0.15, yaani inazishinda mbili za 0.15 zikiwa pamoja. Iliyopinda au yenye ufa ukingoni ibadilishwe kwa unene uleule. Na anayetaka kugusa mpangilio kwa sababu ameongeza majani ya springi, aongeze upande wa kurudi. Springi nzito inarusha kwa nguvu zaidi. Kuongeza upande wa kubanwa, kama wengi wanavyoomba, kunampa dereva gari linalogonga kila jiwe la mtaa wa Ndosho, na baada ya mwezi analirudisha.

Rodi: pitisha ukucha kutoka juu hadi chini. Kijeraha kimoja kinachoinuka kinaondolewa kwa msasa namba 1000 kisha 2000 wenye mafuta, mpaka ukucha upite bila kukwama. Kishimo kinachobaki si tatizo kubwa kama kiko sehemu isiyopita kwenye sili gari likiwa na mzigo wa kawaida. Kikiwa katikati ya njia, nunua rodi. Kujaza kwa weldi na kutoa kwenye mashine kunapendeza machoni tu, kromu hairudi. Kujua kama imepinda, izungushe juu ya kioo kinene cha dirisha huku tochi ikimulika kwa nyuma. Mwanga unaofumba na kufumbua chini ya rodi ndio jibu.

Sili na oringi: badilisha zote, hata zinazoonekana nzima. Maduka yanayohudumia haidroliki za ekskaveta yana oringi za vipimo vingi. Uliza mpira gani. NBR, ule mweusi wa kawaida, unavumilia takriban nyuzi 100 hadi 120. Viton unafika karibu 200. Kwa kifuniko cha sili tafuta Viton. Sili yenye umbo la kikombe, mdomo wake unatazama mafuta. Kifuta vumbi, mdomo wake unatazama nje. Ukikigeuza kimoja, kazi yote ni bure. Zungushia uzi wa rodi utepe wa plastiki kabla ya kupitisha kifuniko, ili nyuzi zisikate mdomo. Nati ya pistoni iwe mpya, yenye gundi ya uzi, na ikazwe kwa spana ya kipimo kwa namba iliyo kwenye karatasi ya mtengenezaji wa amotisa hiyo hasa. Ikilegea ndani, pistoni inabaki chini na rodi inatoka mkononi.

Mafuta na pistoni inayoelea

Mafuta ni ya amotisa, namba 5. Yakikosekana, mafuta ya foki za pikipiki ya namba 5 yanafaa, na mji wa pikipiki kama huu hauyakosi, ila soma pia kipimo cha cSt (uzito wa mtiririko wa mafuta) kwa nyuzi 40: unatafuta kitu kati ya 14 na 22. ATF, ile nyekundu ya gia za otomatiki, ni karibu 35. Inaendesha gari, lakini amotisa inakuwa nzito asubuhi na mpangilio wa shimu hauna maana tena. Mafuta ya breki yanavimbisha sili nyingi. Ya injini yaache kwenye injini.

Bana silinda wima, jaza polepole. Pampu pistoni kwa mwendo mfupi na wa pole, gonga mpira wa kitangi kwa mpini wa bisibisi, subiri mapovu yapande, rudia. Ni kazi ya kuchosha na hakuna njia ya mkato. Hewa iliyobaki kwenye mafuta ndiyo ile sentimita ya utupu utakayoilalamikia barabarani.

Kina cha pistoni inayoelea kinaandikwa na mtengenezaji. Ukiwa huna karatasi, ukipime kabla ya kufumua, na angalau ujue hesabu yake. Rodi ya mm 22.2 yenye mwendo wa mm 254 ikiingia yote inasukuma karibu cm³ 98 za mafuta. Kitangi chenye kipenyo cha ndani cha mm 57 kina eneo la cm² 25.5, kwa hiyo pistoni inayoelea inarudi nyuma mm 39. Ongeza joto: mafuta yanapanuka karibu asilimia 6 yakipanda nyuzi 80, na kwa ml 700 hiyo ni ml 42, yaani mm 16 nyingine. Ukiipa gesi mm 60 tu, mm 39 zikiondoka gesi inabanwa kwenye mm 21, shinikizo linapanda karibu mara 3, na hiyo ni kabla joto halijadai mm zake 16. Gari litakuwa gumu mwishoni na sili zitaanza kutema. Ukiipa mm 100, linapanda mara 1.6, na joto lina nafasi yake. Lakini usiisogeze hadi mwisho wa upande wa mafuta pia; mafuta yakipoa au yakivuja kidogo, pistoni inafika ukutani na gesi haisukumi chochote.

Gesi

Naitrojeni kavu, kwa sababu haina maji wala oksijeni ya kuchosha mafuta. Kompresa ya garaji kwa kawaida inaishia bar 8 au 10, unahitaji karibu bar 14 (karibu psi 200), na hewa yake ina unyevu wa ziwa zima. Mashine ya naitrojeni ya matairi nayo haifiki. Watafute mafundi wa friji na viyoyozi: wanatumia chupa za naitrojeni kupimia mivujo, na vidhibiti vyao vinavuka bar 20 bila shida.

Oksijeni ya mchomeleaji, kamwe. Oksijeni ya shinikizo ikikutana na mafuta inalipuka bila kuombwa moto. Usiamini rangi ya chupa, soma maandishi yake, na kidhibiti kikikataa kuingia kwenye uzi usikitafutie adapta.

Anza na psi 50, simama, hakikisha vifuniko vimekaa kwenye sekilipu zake pande zote. Ndipo upandishe hadi namba ya mtengenezaji, ambayo kwa Fox na King nyingi za ukubwa huu iko kati ya 150 na 200. Jaza amotisa ikiwa baridi na imenyooka yote: psi 200 kwa nyuzi 20 zinakuwa karibu 260 mafuta yakifika nyuzi 100, na anayejaza ikiwa moto atajikuta na pungufu asubuhi. Weka msumari mpya wa vali. Na acha kupima kila siku kwa udadisi. Gesi ni kidogo, mpira wa geji unaila kila unapounganisha, na baada ya vipimo vichache shinikizo "linalopotea" ni lile ulilolitoa wewe.

Izamishe kwenye ndoo ya maji dakika 10, vali na vifuniko vyote. Mapovu yakitoka kwenye vali, badilisha msumari. Yakitoka kwenye kifuniko, unajua la kufanya, na sote tunajua jinsi linavyouma. Iache usiku kucha imelala juu ya karatasi nyeupe.

Ile ya zamani isiyofunguka, kama ni ya gesi, isiende kwa wahunzi ilivyo. Toboa tundu la mm 3 kwenye ganda, upande wa gesi, mbali na rodi, miwani usoni na kitambaa kimefunika drili. Ikitupwa motoni na gesi yake, inageuka risasi.

Baada ya kufunga, piga mstari wa rangi kwenye kila nati na rondele yake. Ukienda Rutshuru na kurudi, lala chini utazame: mstari uliovunjika ni nati iliyolegea. Kaza tena zote baada ya km 500. Kwa gari linalopanda Masisi kila wiki tungeifungua mara ya kwanza baada ya km 20,000, si kwa kuwa imeharibika bali kuona mafuta yake yalivyo. Yakiwa bado na rangi ya asali, ongeza muda, yakiwa meusi, punguza. Andika kwa kalamu ya rangi juu ya kitangi tarehe, kilomita, aina ya mafuta na psi. Fundi atakayeifungua baadaye huenda si wewe.